Kidole cha Mwenye Moyo

Saa nane mchana Anjelista Ngimbudzi alipiga magoti kando ya kochi, akaushika mkono wa mumewe aliyekuwa amelala, akakibonyeza kidole gumba chake kwenye kioo cha simu. Simu ikauliza kama ana hakika. Akakibonyeza tena. Ikaandika kwamba Pambazuko limewashwa, ngazi ya nne, na ikampongeza Tito Ngimbudzi kwa kujijali. Tito mwenyewe alikoroma kidogo, akageuzia kichwa ukutani.

Anjelista aliurudisha mkono chini ya blanketi taratibu, kama anarudisha yai chini ya kuku. Kisha akaenda jikoni na kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kwa miaka ishirini na saba Tito alikuwa mshereheshaji wa harusi. Kuanzia Njombe mjini hadi Makambako, kamati nyingi hazikupanga tarehe kabla ya kumuuliza yeye kama ana nafasi. Alikuwa na uwezo wa kuwachekesha mashemeji waliogombana tangu asubuhi, na wazee waliofika wakiwa wamenuna kwa sababu gari lilichelewa kuwachukua. Alipofikisha miaka hamsini na sita, moyo wake ukaanza kushindwa. Miguu ilivimba mpaka viatu vikakataa. Akawa analala kwa mito mitatu, na kutoka chumbani hadi bafuni anahema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo.

Zamani hiyo ingekuwa safari ya kaburini tu. Lakini mwaka huo wa 2068 walimpasua, wakamwekea kifuani pampu ya ukubwa wa ndimu ndogo, na wakampa kizibao cha kuvaa ndani ya shati, kilichokusanya umeme kutoka kwenye jua na kwenye joto la mwili. Pampu ilikuwa na jina refu la kiwandani lenye herufi na tarakimu, ila watu wote waliiita Msukuma, kwa sababu kazi yake ni kusukuma damu. Siku alipozinduka, Tito, Mbena wa kuzaliwa, aliwaambia madaktari kwamba amekubali kuishi na Msukuma kifuani, ila aambiwe mapema kwamba nyumba hii ni ya ugali na viazi mviringo, michembe ya viazi vitamu ya kwao Usukumani asitegemee.

Huo ndio ulikuwa utani wake wa mwisho kwa miezi saba.

Damu ilizunguka vizuri. Miguu ilinywea, viatu vikaingia. Tito ndiye hakurudi. Aliacha kunyoa ndevu. Kamati za harusi zilipopiga simu, alisema ana shughuli, kisha akarudi kwenye kochi kutazama kioo cha ukutani ambacho hakijawashwa. Alisahau vidonge. Alimwaga chumvi kwenye chakula, na wala si kwa utamu. Hakuona sababu ya kutoimwaga. Binti yao Linda, aliyekuwa anafanya kazi Dodoma, akipiga simu, baba yake alisema salama na kumpa mama simu.

Msukuma alijua kabla ya watu. Alihesabu hatua za Tito, akasikiliza usingizi wake, na akapima tofauti ndogo sana kati ya pigo moja la moyo na pigo linalofuata. Mtu mwenye furaha, mapigo yake hayalingani sana, hucheza kidogo huku na huku. Ya Tito yalikuwa yamejipanga kama gwaride. Kila Jumatatu taarifa ilifika kwenye simu ya Anjelista, kwa kuwa ndiye aliyeandikishwa kuwa mwangalizi, na Tito alikuwa ameifungia simu yake mwenyewe kwenye droo tangu alipotoka wodini. Taarifa ilisema: dalili za sonona, wiki ya kumi na tisa. Kisha wiki ya ishirini.

Nesi wa kliniki ya moyo, binti mmoja mtulivu aitwaye Evatha Kiswaga, alimweleza Anjelista kwamba sonona si jambo geni kwa watu ambao moyo umeshindwa. Huja kimyakimya, mtu anaacha kujitunza, na huko kutojitunza kunamrudisha wodini. Kuna ushauri, kuna vidonge, na kwa wenye pampu mpya kuna Pambazuko. Ndani ya Msukuma mna uzi mwembamba kuliko unywele, unaogusa mshipa wa fahamu utokao kichwani kuja moyoni. Uzi ule ukiutekenya ule mshipa kwa kiasi, baada ya siku nne hivi uzito unaanza kumtoka mtu. Lakini sheria ilikuwa moja, nayo imebandikwa ukutani mwa kliniki kwa maandishi makubwa: Pambazuko huwashwa kwa kidole cha mwenye moyo, si cha mtu mwingine.

Evatha alimuuliza Tito mara mbili. Mara zote mbili alijibu vilevile, bila hasira.

"Nimeshawaachia mnisukumie damu," alisema. "Huzuni niachieni mwenyewe."

Anjelista alivumilia wiki nyingine tano. Ya ishirini na tano ndiyo ile ya kochi.

*

Siku ya nne Tito alionja uji, akasema ni mwepesi kama wa kumnyweshea mtoto aliyetoka kuzaliwa. Anjelista alisimama na mwiko mkononi. Mumewe hakuwa amelalamikia chakula tangu atoke wodini. Alimwomba radhi na kuongeza unga huku akitabasamu kwenye sufuria.

Siku ya sita alinyoa ndevu. Siku ya nane alitoka hadi kwenye kitalu cha mkewe nyuma ya nyumba. Anjelista alikuwa akiotesha na kubebesha miche ya parachichi, elfu tatu na kitu, imepangwa kwenye vifuko vyeusi mstari kwa mstari. Tito alisimama mbele yake, mikono nyuma, akaiambia miche kwamba kamati imekaa, na kwamba mstari wa tatu kushoto umependeza ila unasimama kama haujalipwa. Anjelista alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa imepita miezi saba.

Mwishoni mwa mwezi ilikuwa sendofu ya kumuaga Leokadia, binti wa jirani yao mzee Mlowe, kabla hajaolewa. Mshereheshaji waliyempanga alikaukiwa sauti siku mbili kabla, na mama wa binti akaja kwa aibu kumuuliza Tito kama ataweza hata nusu saa tu. Tito alisema ataweza. Alivaa suti yake ya rangi ya zambarau, ambayo sasa ilimpwaya, akasimama mbele ya watu mia tatu.

"Kadi yangu imeandikwa mtu mmoja," alianza, "na mimi nimekuja na Msukuma kifuani. Kamati, msiwe na wasiwasi wa sahani. Huyu hali, anasukuma tu."

Ukumbi uliangua kicheko. Nusu saa ikawa saa tatu. Alimpandisha jukwaani babu wa bwana harusi na kumfundisha kucheza mtindo wa vijana, na babu akakataa kushuka. Aliwapatanisha mashangazi wawili kwa kuwauliza mbele ya watu nani kati yao anapika vizuri zaidi, na kila mmoja akamtaja mwenzake kwa woga.

Anjelista alicheka na wenzake hadi machozi yakamtoka. Kisha aliona kwamba machozi hayaachi. Alitoka, akaenda kusimama nyuma ya ukumbi mahali pa wapishi, karibu na masufuria ya pilau. Mpishi mmoja alimpa kiti, akidhani amefiwa. Alikaa pale akisikiliza sauti ya mumewe kupitia ukuta, sauti ileile aliyoolewa nayo, na akajiuliza ni nani anayeongea.

*

Wenye pampu walikutana kliniki kila Alhamisi saa nne. Walikuwa kama kumi na watano. Walipima uzito, wakalinganisha miguu nani imevimba, wakanywa chai isiyo na sukari na kuisema vibaya. Tito alikuwa haendi. Alhamisi iliyofuata sendofu alikwenda, na Evatha alipouliza kama kuna mwenye neno, alisimama.

Aliwaambia kwamba yeye pia alikuwa chini, chini kabisa. Hakujua asubuhi na jioni. Kisha siku moja alijiambia: Tito, inatosha. Akaamka, akanyoa ndevu, akatoka nje. Hakuna siri nyingine, alisema. Mtu akiamua, anaamua.

Alisema kwa moyo mmoja. Alikuwa anaamini kila neno. Wenzake walimpigia makofi, na Anjelista, aliyekuwa amekaa pembeni na waangalizi wengine, alipiga makofi pia, kwa sababu kutopiga kungeonekana.

Kwenye kiti cha nyuma alikuwepo Mwalimu Skola Nyagawa. Alikuwa amefundisha hisabati sekondari kwa miaka thelathini na minne, na mpaka sasa alikuja na daftari kwenye mikutano. Alikuwa na Msukuma kama wa Tito, na sonona kama ya Tito. Wiki ile alikuwa amepanga na nesi kuwasha Pambazuko lake. Aliandika maneno ya Tito kwenye daftari, akapiga mstari chini yake, akafunga.

Wiki mbili baadaye Evatha alimpigia Anjelista simu akamwomba apite kliniki, peke yake. Alimwamkia, akampa kiti, kisha akatafuta pa kuanzia.

Alisema kwamba kwenye mtambo anaona Pambazuko la baba linawaka, tena vizuri, tangu tarehe kumi na mbili. Amefurahi sana. Ila anadhani baba anaona aibu kusema mbele ya watu kwamba aliwasha, na yeye kama nesi hawezi kutoa siri ya mgonjwa. Tatizo ni Mwalimu Skola. Mwalimu ameghairi. Ameandika ujumbe kwamba ikiwa Ngimbudzi ambaye hakumaliza hata kidato cha nne ameweza kwa kuamua tu, basi yeye shida yake ni uvivu, na mvivu hatibiwi kwa mashine. Haji tena Alhamisi. Vidonge hanywi vyote. Uzito wake umeongezeka kilo tatu kwa siku tano, maana yake maji yanajaa mwilini.

"Mama, naomba umwambie baba si aibu," Evatha alisema. "Akisema neno moja tu, Mwalimu atarudi."

Anjelista alitazama mikono yake. Ilikuwa na udongo wa kitaluni kwenye kucha. Alifikiri kwamba angeweza kusema atamwambia, akatoka, na asimwambie. Alifikiri pia kwamba angeweza kwenda mwenyewe kwa Mwalimu na kumdanganya kwa namna nyingine, akabuni kitu. Alikuwa amekwisha kupata ujuzi wa kubuni. Ndipo akamwambia nesi kila kitu, kochi, saa nane, kidole.

Evatha hakumgombeza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisema kwamba ni lazima aandike, na kwamba haki ya uangalizi itaondolewa kwenye simu ya Anjelista kwa miezi sita. Hiyo haitegemei huruma yake. Kuhusu Pambazuko lenyewe, mwenye moyo ndiye wa kuamua, na kabla ya kuamua ni lazima ajue.

"Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?" aliuliza.

"Nitamwambia mimi," alisema Anjelista. "Nipe mpaka kesho mchana."

*

Alimwambia kitaluni, asubuhi, wakibebesha miche. Tito alikuwa amejifunza kazi ile: mkewe anakata kwa kisu, anachomeka kikonyo cha mti mwingine, yeye anafunga kwa utepe wa plastiki. Walifunga miche kumi na mmoja kabla Anjelista hajaanza, na alipoanza hakusimama mpaka mwisho, kwa sababu alijua akisimama ataanza kujitetea.

Tito alimaliza kufunga ule mche aliokuwa nao. Aliukagua kama umekaza.

"Na sendofu ya Leokadia?" aliuliza.

"Lilikuwa linawaka."

"Na yule babu?"

"Lilikuwa linawaka, Baba Linda. Lilikuwa linawaka siku zote hizo."

Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Droni ya dawa ilipita juu yao ikielekea mjini, na wote wawili waliitazama mpaka ikapotea, kwa kuwa ilikuwa kitu cha kutazama. Anjelista alitegemea hasira, na hasira angeijua namna ya kuipokea. Mumewe alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyolala ni ya mtu mwingine.

Alisema kwamba kule kliniki aliwaambia watu kwamba aliamua. Amewaambia watu wenye moyo mbovu. Mkewe akamweleza habari za Mwalimu Skola, uzito, vidonge, daftari. Hapo ndipo Tito aliposimama. Hakusema neno juu ya kochi wala kidole. Alikwenda ndani, akavaa viatu, akasema anakwenda kliniki na anayetaka kumfuata amfuate.

Mbele ya Evatha aliomba Pambazuko lizimwe. Nesi alimweleza kwa upole kwamba ule uzi hautungi utani. Haujui habari za mashangazi wala za babu. Unachofanya ni kumwondolea mtu jiwe kifuani, na kinachotoka baada ya hapo ni chake mwenyewe. Angeweza kuliacha likawaka, sasa kwa kidole chake, na hakuna ambaye angemlaumu.

Tito alisikiliza mpaka mwisho. Alikubali kwamba inawezekana yote hayo ni kweli. "Lakini sikuulizwa," alisema. Akazima mwenyewe.

Kutoka pale walikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mwalimu. Walimkuta sebuleni, miguu juu ya stuli, imevimba na kung'aa. Alianza kuwaomba radhi kwa hali ya nyumba, ambayo ilikuwa safi kabisa. Tito alikataa chai. Alisimama katikati ya chumba kama yuko jukwaani, ila mikono yake hakujua aiweke wapi, na akamwambia kwamba alichosema Alhamisi ile hakikuwa kweli. Hakudanganya, kwa kuwa hakujua. Lakini hakikuwa kweli. Hakuamua lolote. Aliwashwa.

Mwalimu Skola alimtazama, akamtazama Anjelista, akarudi kwa Tito.

"Umewashwa," alisema.

"Nimewashwa, Mwalimu. Nikiwa nimelala."

"Yaani mimi nimekaa hapa wiki mbili najilaumu kwamba sina nia kama yako, kumbe wewe umewashwa kama pasi."

Mabega yake yalianza kutikisika. Anjelista alidhani ni kifua, akainuka kumsaidia, kisha akaona ni kicheko, kicheko kilichokosa mazoezi, kinachotoka kwa vipande. Tito alijitahidi kubaki na uso wa toba, akashindwa. Walicheka wote watatu mpaka Mwalimu akaomba maji, na Anjelista akampa nusu glasi, kiasi alichoruhusiwa.

Alipotulia, Mwalimu alichukua daftari. Alitaka kujua mambo yalivyo hasa, kwa mpangilio. Siku ya kwanza unasikia nini? Tito alisema hakuna. Ya pili? Hakuna. Ya nne alisikia kwamba uji ni mwepesi. Mwalimu aliandika. Je, unakuwa mtu mwingine? Tito alifikiri sana juu ya hilo. Alisema haoni kama alikuwa mtu mwingine. Alikuwa kama mtu ambaye ametua mzigo, akasahau kuuliza nani amempokea. Mwalimu aliandika hayo pia, polepole, kisha akasema kesho atakwenda kliniki na kidole chake, na kwamba vidonge vya leo atavinywa sasa hivi mbele ya mashahidi.

*

Kwa miezi sita, basi, simu ya Anjelista ilikuwa simu tu. Hakuona hatua za mumewe, wala usingizi, wala mapigo. Asubuhi ya kwanza aliifungua kwa mazoea na kukuta ukurasa mweupe. Akaingia chumbani, akamkuta Tito amesimama juu ya mizani anapima uzito wa siku, akamuuliza ameamkaje.

"Salama," alisema Tito.

Anjelista aligundua kwamba hakuwa amemuuliza swali hilo tangu operesheni. Hakukuwa na haja, simu ilikuwa inajibu.

Kila siku aliuliza, na kila siku alijibiwa salama. Mwanzoni ilikuwa salama ya kununa. Tito hakumfokea, ila aliongea naye kama mpangaji mwenye adabu. Alirudi kitaluni wiki ya pili, akafunga miche bila kuhutubia mtu. Anjelista alimwambia siku moja kwamba anaomba msamaha. Alisema pia, na hili hakuwa amelipanga, kwamba alichoka. Alichoka kula peke yake mezani na mtu akiwepo. Alifanya vibaya na angeelewa kama asingesamehewa, lakini Tito asidhani alifanya kwa kumdharau. Alifanya kwa kumkosa. Tito alifunga utepe. Baadaye kidogo alimuuliza kama amekula. Alikuwa hajala. Akaenda ndani, akarudi na viazi vya kuchemsha kwenye sahani, akakaa akimwangalia mpaka amalize.

Wiki ya tano salama zilianza kubadilika. Anjelista hakuhitaji mtambo kulijua hilo. Ndevu ziliachwa siku moja, kisha siku mbili. Kizibao kilisahauliwa juu ya kiti. Mikono yake ilitamani kufanya kitu, chochote. Aliiweka kwenye udongo. Alimpigia Linda simu Dodoma, akamweleza yote tangu kochi, na Linda akamwambia: uliza tu, mama, wala usichoke kuuliza.

Aliendelea kuuliza. Asubuhi moja ya Jumanne, baridi ya Njombe ikiwa imekaa kwenye vioo vya madirisha, aliingia na chai na kuuliza kama kawaida. Tito alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni na nyingine mkononi.

"Sijaamka vizuri, Mama Linda," alisema.

Anjelista aliweka kikombe chini. Akakaa karibu naye.

Tito alisema kwamba imerudi. Ameitambua mapema safari hii, kama mtu anayetambua hatua za mgeni kabla hajabisha hodi. Ameishika hiyo soksi tangu alfajiri. Alidhani akikaa kimya itapita, akaona inamkalia. Mkewe alimuuliza anataka nini. Lilikuwa swali jepesi, lakini Tito alilishika muda mrefu.

"Nataka twende wote kwa Evatha," alisema. "Niwashe. Ila kwa kujua."

Aliwasha saa tano asubuhi hiyo, ngazi ya pili. Nesi alipendekeza ya nne, yeye akasema atapanda mwenyewe akiona haja, na kwamba safari hii atachukua pia ushauri wa Jumatatu ambao aliukataa miezi yote. Mwalimu Skola alikuwa pale kwa ajili ya kupima uzito. Kilo tatu zilikuwa zimetoka, na miguu ilikuwa imerudi kuwa miguu. Alimwambia Tito asitegemee kitu mpaka siku ya nne, ana takwimu, na Alhamisi aje kusimulia upya mbele ya watu, kwa mpangilio. Tito alisema atakuja, ila hatachekesha. Mwalimu alimjibu kwamba hajaombwa kuchekesha, ameombwa kueleza.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Kabla ya pampu, njia ile Tito asingefika hata kona ya kwanza. Sasa walipanda mwinuko wa soko bila kusimama, polepole, Anjelista akiwa upande wa barabara. Wauza mboga walimsalimia kwa jina, na mmoja akamuuliza kama kweli Desemba atasherehesha harusi ya kaka yake. Tito alisema amuulize tena baada ya siku nne.

Walipolipita soko, Anjelista aliuliza alichokuwa anaogopa kuuliza kwa wiki saba. Aliuliza kama amesamehewa.

Tito alifikiri kwa umbali wa maduka mawili.

"Siku zote nimezisamehe," alisema. "Ya kochi, na zilizofuata. Nimebakiza moja tu, ile ya sendofu. Ile ilikuwa nzuri mno, nilitaka iwe yangu. Hiyo niachie kwanza."

Anjelista alisema ataiacha, achukue muda anaotaka.

"Usiniharakishe," alisema Tito.

"Sikuharakishi."

"Maana naona umeanza kutembea haraka."

Alikuwa ameanza kweli. Alipunguza mwendo, akacheka, na Tito akamuuliza anacheka nini, kwa uso uleule mzito aliotoka nao kitandani. Anjelista alimshika mkono, wakaendelea kupanda.